Mkubwa na Wanawe: Lalamiko la Mshabiki na Sitiari ya Ukoo katika Muziki wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, msikilizaji wa wimbo amepewa nafasi ndogo. Tumezoea kumtaja mwishoni mwa uchambuzi, baada ya fani na maudhui kukamilika, kana kwamba kazi yake ni kupokea ujumbe uliokwisha kutayarishwa na wengine. Nadharia ya upokezi, ambayo Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser waliiendeleza nchini Ujerumani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilitufundisha kwamba msomaji hushiriki katika kuunda maana. Hata hivyo, tulipoichukua nadharia hiyo tuliitumia zaidi kwa riwaya na tamthilia, na msikilizaji wa muziki wa dansi, wa taarabu au wa bongo fleva tukamwachia mwandishi wa magazeti. Makala haya yanamrejea msikilizaji huyo akiwa katika hali moja mahususi, nayo ni pale anapokasirika. Hasira tunayoizungumzia haitokani na wimbo mbaya. Ni hasira ya mtu anayeupenda wimbo na kuamini kwamba waliouimba wananyonywa na wanaowasimamia.

Lalamiko hili linafahamika kwa yeyote anayesafiri kwa matatu kati ya Meru na Embu, akipitia Nkubu, Chuka na Runyenjes. Wimbo wa kundi lililokwisha kuvunjika unapopigwa, hakosi abiria wa kusema kwamba vijana wale walimalizwa na meneja wao, na hakosi mwingine wa kumjibu kwamba vijana wenyewe walikosa shukrani. Wanaobishana hawajawahi kufika Temeke wala Sinza, na mkataba wanaoujadili hawajauona. Hata hivyo wanabishana kwa uhakika mkubwa, na ushahidi wao wanautoa katika nyimbo zenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, lalamiko la mshabiki ni tendo la uhakiki lenye mizizi katika ushairi wa Kiswahili na katika fasihi simulizi ya Mlima Kenya. Pili, mshabiki aliye hodari wa kufumbua fumbo la wimbo hushindwa kulifumbua fumbo jingine lililo wazi zaidi, yaani lugha ya ukoo ambayo menejimenti hujieleza kwayo. Tatu, kushindwa huko kuna gharama, kwa sababu humfanya mshabiki amtafute baba mwema mahali pa kuitafuta hesabu sahihi. Mfano wetu mkuu ni kundi la Yamoto Band la Dar es Salaam, nasi tutaulinganisha na mifano mingine ya Tanzania na Kenya.

2.0 Mshabiki kama mfumbuaji wa mafumbo

Mhakiki aliyefunzwa darasani ana jibu la haraka kwa abiria wetu. Atamwambia kwamba anachanganya nafsineni na msanii: anayelia katika wimbo wa mapenzi ni mhusika wa kubuni, na chozi lake halithibitishi chochote kuhusu mfuko wa mwimbaji. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, alitupa silaha ya kutetea jibu hili, nasi tumeitumia kwa ukunjufu.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Katika utamaduni wa ushairi wa Kiswahili, kusikiliza wimbo kama ushahidi wa jambo lililotendeka ni desturi iliyokubalika kwa muda mrefu na yenye kanuni zake. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba kuhusu mambo ambayo wasikilizaji wake wa Ng'ambo, Unguja, waliyajua kwa majina na kwa mitaa. Wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti ulihusu mauaji na hukumu ambayo wengi waliiona kuwa si ya haki. Katika miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikishindana jijini Dar es Salaam, mipasho iliimbwa bila kumtaja mtu, na ukumbi mzima ukajua nani amelengwa. Mshairi wa mafumbo humtegemea msikilizaji amalizie kazi. Kumkataza msikilizaji huyo asiulize nani anasemwa ni kumnyima sehemu yake halali katika utungo.

Msikilizaji wa Meru na Embu analeta pia urithi wake mwenyewe. Kwa Wameru na Watharaka kuna kirarire, utungo wa majibizano unaofungamana na sherehe za jando, ambamo waimbaji hupimana kwa mafumbo na anayeshindwa kufumbua hudhihirika mbele ya hadhira. Aliyelelewa karibu na utungo wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kwamba maneno ya wimbo yanaweza kuwa na mlengwa asiyetajwa. Anapousikia wimbo wa Kiswahili, ambacho kwake ni lugha ya shule, ya soko na ya redio, huupokea kwa sikio hilohilo. Stesheni kama Muuga FM ya Meru na Wimwaro FM ya Embu hutangaza kwa lugha za wenyeji, lakini sikio linalozisikiliza ndilo linalousikiliza wimbo wa Dar es Salaam.

Kuna sababu nyingine inayofanya kanuni ya nafsineni isitoshe. Riwaya ikichapishwa inaweza kusomwa bila mwandishi kuwapo. Katika wimbo uliorekodiwa, mwimbaji hubaki ndani ya matini kwa sauti yake, pumzi yake na namna yake ya kuvuta irabu. Sauti hiyo ndiyo msikilizaji anayoipenda, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyokodishwa kwa mkataba. Basi msikilizaji anapouliza sauti hii inalipwa nini, swali lake halijatoka nje ya wimbo. Linahusu kitu anachokisikia.

Hata hivyo, desturi hii ina mitego yake. Chukua mfano wa Les Wanyika. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuwa wameanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani, waliondoka wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza na Issa Juma. Wimbo uliolipa kundi jipya sifa kubwa unaitwa Sina Makosa. Ni vigumu kupata kichwa kinachomvutia zaidi msikilizaji anayetafuta ushahidi, kwani kundi lililojitenga linatokea na kusema halina makosa. Lakini wimbo wenyewe ni wa mapenzi ya siri, na msemaji wake anajitetea mbele ya hasira ya mtu mwingine katika jambo la mapenzi. Katika maneno yake hakuna kiongozi wa bendi wala mshahara. Msikilizaji anayeusoma kama barua kwa ndugu wa Kinyonga ameongeza kitu ambacho wimbo haukukiweka. Tunalosema ni kwamba usomaji wa mafumbo ni halali pale utungo unapotoa dalili, na kichwa cha wimbo peke yake si dalili ya kutosha.

3.0 Yamoto: sauti nne, nafsi moja

Yamoto Band ilitokana na kituo cha Mkubwa na Wanawe cha Temeke, Dar es Salaam, kilichoanzishwa na kusimamiwa na Said Fella, meneja ambaye awali alijulikana kwa kazi yake na TMK Wanaume Family. Vijana wake walikuwa wanne: Aslay, ambaye alikuwa amejulikana tangu utotoni, pamoja na Enock Bella, Beka Flavour na Maromboso, ambaye baadaye aliitwa Mbosso. Kundi lilivuma katikati ya miaka ya 2010 na likasambaratika mwaka 2017. Mwaka huohuo Aslay alitoa nyimbo nyingi kwa mfululizo akiwa peke yake, na mapema mwaka 2018 Mbosso akatangazwa kuwa msanii wa lebo ya WCB Wasafi.

Kiufundi, nyimbo za Yamoto zina sifa moja inayostahili kuzingatiwa kabla ya kuzungumzia fedha. Kwa kawaida wimbo ni wa mapenzi, na msemaji wake ni mmoja: ni "mimi" anayependa, anayeumia au anayeomba. Lakini "mimi" huyo hupokezanwa na sauti kadhaa. Kijana wa kwanza huanza kisa, wa pili huendeleza ombi, wa tatu hupandisha sauti mpaka kileleni, kisha wote hukutana katika kiitikio. Msikilizaji haoni ajabu kwamba mpenzi mmoja anasema kwa vinywa vinne. Hilo linatukumbusha ngoma zetu, ambamo kiongozi na waitikiaji hushirikiana nafsi bila kuulizana nani hasa anayesema.

Katika ngoma ya kijiji, nafsi hii ya pamoja haina matatizo kwa kuwa ngoma haiuzwi. Katika wimbo unaouzwa swali linajitokeza mara moja: "mimi" huyu ni wa nani? Kundi linapovunjika, nani ana haki ya kupanda jukwaani na kuimba beti zote nne? Nani anapokea mrabaha wa kiitikio kilichoimbwa na wote? Ikiwa jina la kundi ni la meneja, je, meneja anaweza kuwaweka vijana wengine wanne nyuma ya jina hilo na kuwaita Yamoto? Maswali haya yanaonekana kuwa ya kisheria, lakini yanahusu nafsineni, dhana ambayo sisi wahakiki tunadai kuwa ni yetu. Upweke ambao mashabiki wengi waliusikia katika nyimbo za mmojammoja baada ya mwaka 2017 ulikuwa, kwa kiasi fulani, upweke wa kifani. Sauti iliyozoea kubeba robo ya wimbo ilikuwa imebeba wimbo mzima.

Mashabiki waliueleza upweke huo kwa lugha nyingine. Walisema kundi liliuawa. Wengine waliulaumu uongozi, wakidai kwamba vijana walifanya kazi nyingi na kupata kidogo. Wengine waliwalaumu vijana. Si kazi ya makala haya kuamua nani alikuwa na haki, na haki haiwezi kuamuliwa kwa kusikiliza nyimbo. Kinachotuhusu ni lugha ambayo kwayo kesi hiyo iliendeshwa.

4.0 Sitiari isiyofumbuliwa

Jina la kituo kilichowalea vijana hawa lingemtosha mhakiki kwa makala nzima. Mkubwa na Wanawe ni jina la nyumba. Lina baba, lina watoto, na lina kiambishi cha umilikaji kinachowaunganisha: wana ni wake. Jina lililotangulia, TMK Wanaume Family, nalo lilitangaza ukoo. Juma Nature alipojitenga mwaka 2006 na kuanzisha Wanaume Halisi, mgogoro ulisimuliwa kama wa ndugu waliogawana boma. Huko Kenya, uongozi wa Simba Wanyika ulikuwa wa ndugu wa damu, na makundi yaliyozaliwa baada yake yaliendelea kubeba jina la Wanyika kama watoto wanavyobeba jina la babu.

Hatusemi kwamba lugha hii ni ya uongo. Katika Temeke, kijana asiye na nauli aliyepewa mahali pa kujifunzia, studio ya kurekodia na mtu wa kumtafutia maonyesho ana kila sababu ya kumwita aliyempa hayo mkubwa wake. Pasipo kituo kile huenda sauti nne tunazozijadili zisingesikika Embu hata siku moja. Meneja anayewekeza fedha zake kwa watoto wasiojulikana huchukua hasara ambayo benki isingeichukua. Mhakiki anayemsoma mwajiri kama mnyonyaji tu atakuwa ameandika tamthilia mbaya yenye wahusika bapa.

Hata hivyo, sitiari ina kazi inayofanya. Fedha ikipita kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwajiriwa huitwa mshahara, na mwajiriwa anaweza kuuliza kwa nini ni kidogo. Fedha hiyohiyo ikipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana huitwa malezi, na mwana anayeuliza huonekana kukosa adabu. Methali zote ziko upande wa baba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shukrani ya punda ni mateke. Hatuna methali mashuhuri inayomwambia mkuu atoe hesabu kwa mwanawe. Hivyo mgogoro wa malipo unapoingizwa katika lugha ya ukoo, msanii amekwisha kushindwa kabla ya kufungua kinywa, kwa kuwa maneno anayohitaji hayamo katika lugha hiyo.

Hapa ndipo mshabiki anapotuvunja moyo. Yeye aliyefumbua kila tashbihi ya wimbo huikubali sitiari ya ukoo bila kuigusa. Akiwatetea vijana, husema baba amewatupa wanawe. Akimtetea meneja, husema wana wamemtukana baba. Pande zote mbili zimekubaliana kwamba suala ni la tabia ya baba. Kwa hiyo dawa inayopendekezwa huwa ileile: msanii atafute baba mwingine, au awe baba yeye mwenyewe.

Historia ya karibuni imeipima dawa hii. Rich Mavoko alipokuwa katika mgogoro na WCB Wasafi mwaka 2018, suala la mkataba wake lilifikishwa BASATA. Mwaka 2019 Harmonize aliondoka katika lebo hiyohiyo, na akaeleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania ili awe huru na kwamba alilazimika kuuza mali yake. Mashabiki wengi, Kenya na Tanzania, walimwonea huruma na kumpongeza alipoanzisha lebo yake ya Konde Gang. Katika mwaka 2022 wasanii kadhaa wa Konde Gang, wakiwemo Killy, Cheed na Anjella, waliondoka. Mwaka 2025 Ibraah, ambaye alikuwa msanii wa mwanzo kusainiwa na lebo hiyo, alitangaza kwamba anatakiwa kulipa shilingi bilioni 1 ili aondoke, akawaomba wananchi wamchangie. Hatuna haja ya kuamini kila neno la upande wowote ili tuone umbo la kisa. Aliyelalamika jana amelalamikiwa leo, na kwa maneno yanayofanana sana. Ikiwa tatizo lingekuwa tabia ya mtu mmoja, mabadiliko ya mtu yangelimaliza.

Wala jambo hili halikuanza na bongo fleva. Katika bendi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980, vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya mfanyabiashara, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mwaka 1985 wanamuziki sita muhimu wa Mlimani Park walihamia International Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima. Wapenzi wa Mlimani Park waliumia, wapenzi wa Safari Sound wakashangilia, lakini gitaa lilibaki la mwenye duka la magitaa. Mwanamuziki alikuwa amehama nyumba bila kuacha kuwa mpangaji.

5.0 Mizani na risiti: somo la Meru na Embu

Tumesema kwamba msikilizaji wa Meru na Embu huleta urithi wake wa mafumbo anaposikiliza. Anao urithi mwingine ambao bado hajauleta, nao unatokana na kilimo.

Mkulima mdogo wa majani chai wa Imenti au wa Rukuriri hapeleki majani yake kwa baba. Huyapeleka kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa kwa mizani mbele yake, naye akapewa risiti yenye idadi ya kilo. Kila mwezi hupata malipo ya awali, na mwisho wa mwaka wa fedha hupata bonasi. Mara nyingi bonasi hiyo humkasirisha, na hasira yake hupelekea maandamano na kuondolewa kwa wakurugenzi wa kiwanda. Mkulima wa kahawa wa Manyatta anajua kisa kinachofanana na hicho katika chama cha ushirika: kahawa yake hupita kwa kiwanda cha ushirika, kwa msagaji, kwa dalali na kwa mnada wa Nairobi, na kila mkono hukata chake. Wakulima hawa wamekwisha kuona kamati ikiondolewa kwa kishindo na nyingine ikichaguliwa, na malipo ya kilo yakabaki palepale.

Hatuwezi basi kuusifu ushirika kama pepo. Lakini mkulima aliyekasirika ana kitu ambacho msanii wa Mkubwa na Wanawe hana: ana risiti. Anaweza kusema alipeleka kilo fulani na akalipwa shilingi fulani, na tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo lalamiko lake. Hahitaji kuthibitisha kwamba mwenyekiti ni mtu mbaya. Akiitwa asiye na shukrani atacheka, kwa kuwa yeye ni mwanachama mwenye namba, na mwanachama hadaiwi shukrani.

Katika muziki wa Kenya upo mfano wa lalamiko lililosemwa kwa lugha hii ya mizani. Mwanzoni mwa mwaka 2016, kundi la Elani, lenye waimbaji watatu, lilijitokeza hadharani na kueleza kwamba lilikuwa limelipwa shilingi 31,000 za Kenya na MCSK, chama kinachokusanya mirabaha ya wanamuziki, ilhali nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni kote nchini. Mlalamikiwa hapa hakuwa meneja wa kundi, na tofauti hiyo isisahauliwe. Linalotuvutia ni umbo la hoja. Elani hawakusema wametupwa na mzazi. Walitaja kiasi walicholipwa, wakauliza nyimbo zao zilihesabiwaje. Mashabiki waliowaunga mkono walijikuta wakiuliza maswali ambayo awali hawakuyajua: nani huandika orodha ya nyimbo zilizopigwa, na orodha hiyo huonwa na nani? Mwaka uliofuata, 2017, bodi ya hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ilikataa kuipa MCSK leseni. Migogoro haikuishia hapo, na mirabaha imeendelea kuwa kilio cha wasanii. Lakini lugha ya kilio ilikuwa imebadilika, na mabadiliko ya lugha ni jambo la mhakiki.

Tunapendekeza basi kwamba mshabiki wa Meru na Embu aunganishe urithi wake wawili. Kwa sikio la kirarire, aufumbue wimbo na pia jina la kampuni inayouuza. Kwa jicho la mizani, aulize si kama meneja ni baba mwema, bali kama kila onyesho na kila wimbo una risiti ambayo mwimbaji anaweza kuisoma.

6.0 Mhakiki naye

Pendekezo hilo lingekuwa rahisi mno kama tungelielekeza kwa mameneja wa Dar es Salaam peke yao. Idara za fasihi za vyuo vikuu vya eneo hili, kutoka Embu hadi Meru, hutegemea nyimbo za watu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili huenda Tigania, Tharaka au Mbeere akiwa na kinasa sauti, akarekodi kirarire au nyimbo za kazi, akarudi na kuandika tasnifu. Tasnifu humpa shahada, na shahada humpa kazi. Aliyeimba hubaki katika kiambatisho kama mhojiwa, mara nyingine kwa jina la kwanza na umri. Akipewa kitu, huwa ni nauli au kilo ya sukari, na kitu hicho huitwa shukrani.

Neno hilo limerudi, nalo linapaswa kutushtua. Sisi pia tumekuwa na lugha yetu ya ukoo. Tunamwita mwimbaji mzee wetu, nyanya yetu, hazina ya jamii, na kwa kumwita hivyo tunaondoa swali la malipo na la idhini mezani. Mama wa Tharaka aliyetuimbia usiku mzima hatarajiwi kumdai mjukuu. Iwapo wimbo wake utaingia kitabuni, kitabu kikaingia shuleni, na shule zikakinunua, hesabu yake itakuwa imepotea mahali palepale ilipopotea hesabu ya vijana wa makundi.

Sheria imetutangulia katika jambo hili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye haki juu ya sanaa zake, na inataka idhini yake ipatikane kabla ya watu wa nje kuzitumia. Sheria hiyo ina maswali yake. Inaizungumzia jamii kwa wepesi kuliko inavyomzungumzia mwimbaji mmoja, na mtu anaweza kuuliza kama jamii nayo haijawa baba mwingine anayempokelea mwana. Lakini ipo, na mafunzo ya utafiti wa nyanjani katika idara zetu yanapaswa kuanza nayo, kabla ya mwanafunzi hajafundishwa kuwasha kinasa sauti. Fomu ya idhini iliyoandikwa kwa lugha ya mwimbaji, nakala ya rekodi iliyoachwa mikononi mwake, na jina lake kamili penye jina la mtunzi pale anapotaka litajwe, ni mambo madogo yanayowezekana muhula huu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lalamiko la mshabiki ni usomaji, na kwamba usomaji huo una nguvu na una upungufu. Nguvu yake ni kwamba unakataa kuitenga sauti na mwili unaoitoa, jambo ambalo nadharia zetu zimelifanya kwa urahisi mno. Upungufu wake ni kwamba unaifumbua sitiari ya mshairi na kuiacha ya mwajiri. Katika historia fupi tuliyoipitia, wanamuziki wamehama kutoka nyumba moja hadi nyingine tangu mwaka 1978 hadi 2025, mashabiki wakiwasindikiza kwa machozi au kwa matusi, na mara chache sana mtu amesimama kuuliza kwa nini mahali pa kazi panaitwa nyumba.

Swali hilo ni la fasihi, kwa kuwa linahusu jina na kazi ya jina. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya sitiari na tashihisi katika shairi la kale anaweza pia kuisoma ile iliyo juu ya mlango wa lebo, na iliyo katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu yake mwenyewe. Aanze na huo wa pili, kwa kuwa uko mikononi mwake.